Kazi Yako Isomwe na Mdomo wa Mwenzako

Hotuba kwa wanachama wapya wa kikundi cha waandishi, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Na nyinyi mliokuja leo kwa mara ya kwanza mkakimbilia viti vya nyuma karibu na mlango, karibuni sana, sogeeni mbele. Hapa hatuna viti vya wageni.

Nimeombwa niwaeleze wanachama wapya namna kikundi hiki kinavyofanya kazi. Mambo ya ada, zamu ya chai na siku za kukutana yamo katika daftari la katibu, naye atawasomea. Mimi nataka kusema juu ya kanuni moja tu, ile inayowashtua watu siku ya kwanza na kuwafanya wengine wasirudi. Hapa mtu hasomi kazi yake mwenyewe. Ukileta shairi, hadithi fupi au sura ya riwaya, unampa mwenzako aisome kwa sauti mbele ya wote. Wewe unakaa na kalamu, unasikiliza, na hufungui mdomo mpaka uulizwe.

Najua inavyouma. Maneno uliyokesha nayo yanatoka kinywani mwa mtu asiyejua ulitaka apande wapi na ashuke wapi. Anapita mbio juu ya sentensi uliyoipenda, anatulia pale ambapo wewe ulipita tu. Wapo walionyanyuka kutaka kumnyang'anya msomaji karatasi. Tuliwaomba wakae.

Haikuanza kama kanuni. Miaka ya mwanzo kila mtu alisoma chake, na sisi watu wa pwani kusoma kwa sauti tunakujua; tumelelewa na maulidi, kasida na tenzi. Mzee akisimama kughani shairi lake, ile sauti peke yake ilitosha kutuliza chumba kizima. Akimaliza tunasema mashallah, tunapiga makofi, tunaingia kwenye chai. Mkutano unaofuata, vilevile. Miswada ikatumwa kwa wachapishaji, mingine ikarudi, mingine hatukusikia habari yake tena, na hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia mwenzake sababu. Tulikuwa tunasikia sauti, maandishi hatuyasikii. Msomaji wa Songea au wa Bukoba atakayeinunua diwani hiyo hapewi koo la mzee pamoja nayo. Anapewa karatasi.

Basi siku moja mzee wetu, nahodha wa majahazi aliyestaafu, akaja na shairi jipya na miwani ameisahau nyumbani. Karatasi akanipa mimi. Lilikuwa shairi la tarbia, la mishororo minne kila ubeti, kila mshororo mizani 16, yaani silabi 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili, kazi ya mtu aliyeijua arudhi, kanuni za ushairi, tangu utotoni. Nikaanza vizuri. Nilipofika kwenye mshororo usemao "Nilikwenda baharini, nikarejea sina kitu", ulimi ukakwama. Nikarudia, ukakwama tena pale pale.

Hesabuni wenyewe. Ni-li-kwe-nda ba-ha-ri-ni: 8, hakuna tatizo. Ni-ka-re-je-a si-na ki-tu: 9. Shairi limekuwa guni, lina kasoro ya mizani. Alipokuwa akilighani mwenyewe barazani kwake, sauti yake ilikuwa ikiimeza ile mizani ya ziada, "nikareja sina kitu", wala hakuna aliyesikia, hata yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa naliona shairi kwa mara ya kwanza, sikuwa na mazoea ya kuimeza.

Hakuna aliyesema neno. Mimi nimezaliwa yeye akiwa tayari anaendesha jahazi; ningemwambiaje mbele za watu kwamba mshororo wake umezidi? Na hakuhitaji kuambiwa. Alisema, "Hebu rudia hapo, mwanangu." Nikarudia. Akaomba karatasi yake.

Njia nyepesi ilikuwepo: "nikarudi sina kitu", mizani 8, kazi imekwisha. Aliikataa, neno lake alilitaka. Alirudi mkutano uliofuata na "Nilikwenda baharini, nikarejea sinacho". Mizani 8 kamili. Lakini kina cha mwisho kilikuwa kimehama kutoka -tu kwenda -cho, kwa hiyo ilimbidi aandike upya utao wa mishororo mingine yote ya ubeti ule. Na ile "sinacho" ikazaa swali ambalo shairi la mwanzo halikuwa nalo: hana nini? Beti zilizofuata zikageuka, zikaanza kulijibu. Kosa la mizani moja lilimpa shairi jingine, bora mno kuliko lile la kwanza.

Kuanzia hapo tukaanza kubadilishana karatasi.

Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu naona hapa ndipo penye kiini. Sisi ni watu wa shikamoo. Katika chumba hiki wamo waliostaafu kabla baadhi yenu hamjazaliwa, na yumo binti aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Vitabu vya ufundi wa uandishi vinavyotoka nje vinachukulia kwamba watu watazunguka meza, wataambiana ukweli waziwazi, kisha kila mtu ataenda zake. Kwetu hilo si jepesi, wala sioni aibu kulisema. Mdogo hamkosoi mkubwa hadharani. Mkubwa naye akimkosoa mdogo kwa ukali, mdogo haendi kuandika upya, anaacha kuandika. Na mwanamke akisimama na shairi lake la mapenzi, watu wanamtazama yeye, shairi wamelisahau. Ndiyo maana tulikuwa tunasifiana. Tuliiona sifa ile kuwa ni adabu, kumbe tulikuwa tunamwacha mwenzetu peke yake na makosa yake.

Mdomo wa mwenzako unaondoa mzigo huo. Ulimi ukikwama umekwama, hakuna aliyetukanwa. Mzee anasikia mwenyewe, anarekebisha mwenyewe, na heshima yake imekaa pale pale. Kijana naye hana haja ya kujitetea, maana hakushitakiwa. Shairi la mapenzi likisomwa na mwanamume mwenye umri wa babu yangu, watu wanalazimika kulisikiliza shairi.

Wala hatukuvumbua kitu. Hapa Tanga tumekulia kwenye taarab. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vilivyoupa mji huu jina vilikuwa na watu waliotunga na watu walioimba, na mara nyingi mtunzi alikaa pembeni akisikia maneno yake yanatoka kwa mwingine. Shakila Saidi akishika wimbo, maneno yasiyoimbika yanajulikana hapo hapo. Unguja nako, Siti binti Saad na wenzake walikuwa wakikutana nyumbani kwake Ng'ambo, habari za mtaani zikigeuzwa nyimbo kwa kupokezana, huyu akianza na yule akirekebisha, na nyimbo za kikundi kile zikaja kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Aliyeandika wasifu wake baadaye ni mtu wetu, Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, karani wa serikali. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba mwandishi wetu mkubwa kuliko wote aliona maisha ya mwimbaji yanastahili kitabu.

Tukirudi nyuma zaidi yupo Muyaka bin Haji wa Mombasa. Alifariki 1840. Mashairi yake yalibaki yakisemwa na watu, na ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyejitahidi kuyakusanya kutoka kwa wazee walioyajua kwa moyo, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Kitabu kilitoka 1940, karne nzima baada ya mwenyewe kuzikwa. Fikirini yale mashairi yalipita midomo mingapi. Ubeti uliokuwa ukikwama ungekufa njiani. Inawezekana pia kwamba midomo hiyo ililainisha mahali ambapo Muyaka mwenyewe alitaka pawe na miba, na jambo hilo nitalirudia, maana kanuni yetu ina hatari hiyo hiyo.

Lakini wanaoandika hadithi wataniuliza: ushairi una mizani, kosa linahesabika, sisi je?

Yupo dada hapa, fundi cherehani wa Ngamiani, alileta hadithi ya mama mkwe na mkaza mwana wanaoishi ua mmoja. Kisa kizuri, kimepangwa vizuri, ila kila mtu ndani yake alizungumza kama anasoma taarifa ya habari. Mama mkwe yuko kwenye mkeka, anasema: "Ninakuomba uniletee maji ya kunywa kwa sababu ninahisi kiu." Hadithi ilisomwa na bibi mmoja wa Pangani. Alipofika hapo akasoma: "Hebu nletee maji, nina kiu mie." Hakujua kwamba amebadilisha. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi, mdomo ukasema inavyosemwa. Tuliomwangalia tuliona mwandishi anainama kuandika.

Ndipo tukaongeza kipengele kwenye kanuni: kila neno ambalo msomaji amelibadilisha bila kukusudia, mwandishi analiandika pembeni. Hayo ndiyo maelezo ya thamani kuliko yote mtakayoyapata humu, kwa sababu hayakutolewa kwa nia ya kufundisha. Yule dada alikwenda akaandika upya mazungumzo yote ya mama mkwe. Ya mtoto wa kiume, aliyetoka chuoni Dar es Salaam na shati la mikono mirefu, aliyaacha yalivyo, yakiwa makavu na kamili. Sasa mtu anaposoma anasikia kwamba mama na mwanawe hawazungumzi lugha moja tena, na hakuna sentensi hata moja inayolitangaza hilo. Aliliona mwenyewe. Bibi wa Pangani alimwonyesha mlango tu.

Kusoma kukiisha, swali la kwanza linakwenda kwa msomaji: ulikwama wapi? La pili kwa wasikilizaji: tusimulieni mlichosikia. Hatuulizi kama mmependa. Mtu akisema amependa, mwandishi anafurahi mpaka kesho asubuhi, kisha hana cha kufanya. Mtu akisimulia alichosikia, mwandishi anajua nini kilifika na nini kilizama.

Niwape mfano wa kwetu kabisa. Mwenzetu mmoja aliyekulia kwenye mashamba ya mkonge anaandika riwaya ya kambi za manamba, vibarua wa mashamba hayo. Sura yake ya kwanza ilianza mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf akiagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikapita Hamburg, na ilipofika huku 62 tu ndiyo iliyokuwa hai, ikapandwa upande wa Pangani. Ni kisa cha kweli na kizito. Kutoka kwenye miche ile 62 ulikuja mkonge uliogeuza ardhi ya mkoa huu na kuwatoa watu Kigoma, Burundi na Msumbiji kuja kukata majani. Mwandishi alikipenda, na alikuwa na haki.

Wasikilizaji walipoambiwa wasimulie, hakuna aliyemtaja Hindorf. Mmoja baada ya mwingine walianza na yule mama wa ukurasa wa nne, anayekata mkonge alfajiri, ncha ya jani ikamchoma jichoni, naye akafunga kitambaa, akamaliza mafungu yake, ndipo akaenda zahanati. Walikumbuka rangi ya kitambaa. Walikumbuka kwamba hakulia.

Hakuna aliyemwambia mwandishi afute historia, na mimi ningempinga ambaye angesema hivyo. Historia ile ni yetu na tumeandikiwa mno na wengine. Alichokifanya ni kuihamisha. Riwaya sasa inafunguka na jicho. Miche 62 inatajwa sura kadhaa mbele, na mwalimu wa shule ya kambi, na mtoto wa yule mama yuko darasani akijaribu kupiga hesabu ya mistari ya mkonge anayoiona dirishani. Idadi ile ile, lakini sasa anayeihesabu ni mtoto wa mtu aliyepoteza jicho.

Nilisema kanuni hii ina hatari zake. Mdomo hupenda uliyoyazoea. Kijana mmoja alileta shairi huru, halina vina wala urari wa mizani, mishororo mingine ni neno moja. Aliyepewa kulisoma ni mghani wetu mashuhuri. Alijaribu kulighani, sauti ikapanda, mshororo ukaisha chini yake, akajaribu tena, mwisho akairudisha karatasi akasema, "Hili haliimbiki." Kijana kwa mujibu wa kanuni akanyamaza. Nilimwona shingo imeanguka.

Mnajua historia ya jambo hili. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wapo waliosema shairi bila vina na mizani si shairi la Kiswahili, na wapo walioona dirisha limefunguliwa. Ugomvi ule haujaisha, na humu ndani una watu wa pande zote. Mimi binafsi naandika kwa vina na nitakufa naandika kwa vina. Lakini siku ile niliomba shairi lisomwe tena na mtu mwingine, bila mahadhi, akitua kila mwisho wa mshororo hata kama mshororo ni neno moja. Lilikuwa shairi la mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Vile vituo vyake vifupi ndivyo vilivyokuwa pumzi ya mgonjwa. Mghani wetu alisikiliza hadi mwisho, akaomba asome tena yeye, na akalisoma vizuri kuliko wote.

Kwa hiyo sasa mwandishi anaruhusiwa kuandika neno moja juu ya ukurasa: lighaniwe, au lisomwe. Zaidi ya hapo hapana. Na mkumbuke kwamba mkwamo wa msomaji ni ushahidi, hukumu ni ya mwandishi. Mkiona msomaji amelainisha mahali mlipoweka miba makusudi, achieni miba yenu. Tunachotaka ni kwamba muwe mmeiweka makusudi.

Mtu mmoja aliniuliza, mbona wakubwa waliandika peke yao? Akanitajia Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya waraka uliohoji nchi inakwenda wapi, akakaa gerezani hadi 1972, na mashairi ya Sauti ya Dhiki akayaandika humo humo kwenye karatasi za chooni. Ni kweli, hakuwa na kikundi. Nikilifikiria jambo hilo huona haya kwa kila siku niliyodai sina muda wa kuandika. Lakini yule alikuwa kijana wa Mombasa, ndugu yake Ahmad Nassir ni mshairi mkubwa, amekulia kati ya watu wanaojibizana kwa beti. Waliomfunga waliweza kumnyima karatasi, sikio la watu wale hawakuweza kulitoa kichwani mwake. Sisi wengi wetu sikio hilo bado tunalitafuta, tena katika nyumba ambazo televisheni haizimwi. Inabidi tuliazime kwa wenzetu.

Jambo jingine nalisema haraka. Siku hizi zipo tuzo, nami nazishukuru kwa dhati. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, imewafanya watu watoe miswada iliyokuwa imelala kabatini miaka mingi. Ila nimeona tarehe ya mwisho ikikaribia watu wanatuma kazi ambazo hazijawahi kutoka kinywani mwa yeyote. Wanaiweka kwanza kwenye kundi la simu, wanapokea makopa na hongera, wanaamini imekwiva. Msifanye hivyo. Aliyekutumia kopa pengine amesoma mistari mitatu akiwa kwenye daladala. Ukiwa na mwezi mmoja kabla ya tarehe, wiki moja kati ya hizo mpe mtu akusomee. Mke, mpangaji mwenzako, mtoto wa darasa la saba. Mtoto wa darasa la saba ni msomaji mzuri sana, kwa sababu hana adabu ya kuficha kwamba amechoka.

Basi. Kwenye bahasha hii kuna kazi tatu za leo. Ya juu ni hadithi ya kurasa tano, imeandikwa kwa mkono, na mwandishi wake yumo kati ya wale walioingia leo. Hatutamtaja mpaka mwisho, na akitaka hatutamtaja kabisa. Kijana uliyekaa karibu na dirisha, njoo uisome. Wengine chukueni kalamu. Soma polepole, ukikwama usituombe radhi, rudia hapo hapo kisha uendelee.